Sori ya Tembo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, majirani zao na midomo yao mirefu, Pimbi alijenga kibanda upya. Mawingu ya mvua yalikuwa yananguruma, na mkewe ana mimba ya kuhesabia siku.

Tembo akapita. Gwaaa! Kibanda kikawa chapati. Tena!

"Sori!" akasema Tembo, huyooo, anaondoka.

"Sori ndiyo nini?" Pimbi akafoka. "Sisi tuna pole, tuna samahani!"

"Kiingereza hicho, we kibonge. Ukishakitamka, kosa limekufa."

Pimbi akakataa. "Kosa litakufaje, na mimi nalala nje?" Akamwendea Kasuku, aliyelelewa barazani kwa mwalimu wa Kiingereza.

"Sori? Krraa! Asili yake ni kidonda. Zamani aliyesema sori alikuwa anasema: naumia."

Pimbi akacheka hadi akaanguka, puu!

Kesho yake sokoni akapaza sauti: "Jamani! Tembo anaumwa! Kila siku analia kwa Kiingereza, nasi hatumwelewi!"

"Nani anaumwa?" Tembo akaja juu.

"Wewe, shemeji. Sori si ni kilio cha mwenye kidonda? Au Kiingereza hukijui?"

Soko zima likamgeukia Tembo. Akubali ugonjwa, au akubali ujinga?

"Na... nakijua! Ndiyo maana yake!"

"Basi lete mkonga nikutibu."

Kumbe Pimbi kasaga pilipili kichaa! Akaipuliza ndani, fuuu!

"Chyaaa! Chyaaa! Mamaaa, naumia!"

"Eheee! Sasa ndiyo umesema sori yenyewe!"

Soko likaangua kicheko. Tembo akagugumia maji, moto ukazidi.

"Nipoze, shemeji, nakufa!"

"Dawa ya kupoza huwa naiweka darini, shemeji. Dari liko wapi?"

Tembo alijenga, weee! Alibeba mawe huku kamasi zinamchuruzika, akapanga ukuta ambao hata yeye hawezi kuukanyaga. Mke wa Pimbi akaingia, akajilaza. Ndiyo maana pimbi hukaa kwenye mawemawe mpaka leo.

"Haya, dawa!" Tembo akalia.

Pimbi akachungulia darini. Akachungulia tena. Akatoa kichwa dirishani, mvua ya kwanza ikimdondokea Tembo mgongoni.

"Lo, haimo. Sori!"

Basi, wanangu: pole isiyomuuma anayeitoa haimponyi anayepewa.