Pikipiki Waliyogawana

Mtu mmoja alikuwa na fremu ya pikipiki. Aliitundika juu, kwenye kenchi za banda lake la useremala nyuma ya nyumba, na kwa miaka mingi hakuishusha. Mtu huyo aliitwa Otmari, na kwao ni milima ya kahawa upande wa Mbinga, ambako nyumba zimekaa migongoni mwa vilima na mashamba yameteremka mpaka mtoni.

Pikipiki ilikuwa ya baba yao, mzee Kolumbani, mchanjaji wa zahanati. Ilikuwa ya kizamani, nzito, yenye tangi jeusi na taa kubwa ya duara, ya aina ambayo hata wakati ule ilikuwa haitengenezwi tena. Mzee aliipandisha vilima vilivyoshinda magari, sanduku la chanjo limefungwa nyuma kwa mpira, na mlio wake ulisikika tangu ng'ambo ya bonde, mzito na wa polepole, kama mtu mwenye kifua kipana anayecheka peke yake. Akina mama wakiusikia walijua kwamba bado wana muda wa kuwanawisha watoto nyuso kabla hajafika.

Alipokufa, wanawe hawakupatana ni nani aichukue. Otmari alisema ni yake kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Dada yao Eustakia alisema yeye ndiye aliyemuuguza mzee. Gebhadi, mdogo wao wa mwisho, alisema yeye ndiye aliyekuwa akiiosha na kukaa nyuma ya baba tangu miguu yake ilipokuwa haifiki chini. Siku ya kuondoa matanga maneno yakawa makali, mpaka mtu mmoja akaleta spana, nao wakaifungua na kuigawana uani, mbele ya watu, kama inavyogawanywa nyama ya mnyama aliyechinjwa. Eustakia akapata tangi na magurudumu. Injini ikaenda kwa mjomba wao, aliyesema ataiweka mpaka watoto wa dada yake wapate akili. Fremu ikawa ya Otmari. Gebhadi aliponyoosha mkono kuichukua taa, Otmari akamwambia, watu wote wakisikia, kwamba asijifanye kuchagua, maana hakuna mwenye hakika kama marehemu alikuwa baba yake.

Mama yao alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo hakuwapo wa kumjibia. Gebhadi aliiacha taa pale ilipokuwa. Aliinama, akaokota kabureta, kitu kinachoenea kiganjani, akaifunga katika kitambaa na kuondoka. Akahamia ng'ambo ya bonde, kwa wakwe zake, wala hakukanyaga tena kwa kaka yake. Kwenye misiba walikaa mbalimbali. Watoto wao walikutana sokoni wakapishana kama wageni.

Miaka ikapita. Otmari akaozesha, akazika, akaota mvi. Asubuhi moja, akiwa anapiga randa mlango, alijaribu kukumbuka namna baba yake alivyokuwa akimwita, na hakuweza. Uso aliujua kwa sababu ya picha iliyokuwa sebuleni. Sauti ilikuwa imekwenda. Aliweka randa chini, akakaa juu ya mbao, akatafuta kichwani mwake kote, na hakupata neno hata moja lililosemwa kwa sauti ile. Kilichobaki masikioni mwake ulikuwa mlio wa pikipiki tu. Basi akapanda ngazi, akaishusha fremu, akaifuta vumbi, na kuanzia siku hiyo banda likawa na kazi nyingine.

Alianza kwa dada yake. Tangi Eustakia alikuwa ameligeuza chombo cha mafuta ya taa, na alilitoa bila maneno mengi. Gurudumu moja lilikuwa likioza zizini kwake. La pili, rimu yake ilikuwa imetundikwa mtini pale kwenye kanisa dogo la kigango, nayo ndiyo iliyokuwa kengele ya Jumapili. Otmari alimwomba katekista, akatafuta chuma kingine chenye mlio mzuri zaidi, akakitundika mwenyewe, ndipo akaichukua rimu. Kwa mjomba, ambaye naye alikuwa amekwisha kufa, aliikuta injini kwenye kona ya jiko, kuku wakitagia juu yake. Mjane akataka mlango mpya wa jiko. Otmari akamtengenezea mlango, na kwa kuwa kazi ilimpendeza moyoni akamtengenezea na dirisha. Taa, ambayo zamani alikuwa ameiuza mwenyewe, aliipata kwa fundi saa wa mjini. Kiti alikishona mwenyewe. Usukani alizunguka nao kwa wahunzi watatu au wanne mpaka akapatikana wa kuunyoosha.

Na kila alikokwenda watu walimsimulia habari za baba yake. Huyu alikumbuka alivyobebwa juu ya pikipiki ile alipovunjika mguu. Yule alikumbuka mzee akisukuma pikipiki katika tope huku akiimba. Otmari alisikiliza yote, akarudi nyumbani ametulia, akaingia bandani, akasugua kutu kwa mchanga na majivu mpaka chuma kikang'aa. Mkewe, Kandida, aliona kwamba mumewe amekuwa mpole kuliko zamani, akafurahi, ingawa alijua kuna mahali alipokuwa anapakwepa. Njia ya kwenda ng'ambo ya bonde ilianzia nyuma ya banda lile. Otmari aliipa mgongo alipofanya kazi.

Ikafika wakati pikipiki ikasimama kwa magurudumu yake, nyeusi, iliyonyooka, na majirani wakaja kuitazama. Haikuwa imepungukiwa kitu ila kabureta. Otmari akanunua ya pikipiki za siku hizi. Mdomo wake haukukaa sawa na injini, akachonga, akatia shaba, akafunga. Akapiga kiki. Injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikazima. Akaleta nyingine, ikawa vilevile. Akaleta ya tatu kutoka Songea, ambayo muuzaji aliapa kwamba inaingia popote. Majirani wakachoka kuja kutazama. Otmari akasema injini imeshaharibika kwa uzee. Akasema petroli ya siku hizi haifai. Kandida alikuwa anachambua maharage mlangoni mwa banda, na hakuinua macho.

"Mume wangu," alisema, "kabureta unajua iliko."

Otmari alikusanya spana zake. Kesho yake akachukua kiti cha mninga alichokuwa amekitengeneza kwa ajili ya padri, akakitia begani, akashuka bondeni.

Njiani alipanga maneno. Atasema kwamba wao sasa ni wazee. Atasema kwamba mambo ya zamani yamepita, na kwamba pikipiki ni ya wote. Atatoa kiti, atapewa kabureta, watakunywa chai, atarudi. Alivuka mto, akapanda upande wa pili taratibu kwa sababu ya magoti, na alipoukaribia ua wa mdogo wake alimwona mtu amempa mgongo, ameinama juu ya kichanja, anageuza kahawa iliyoanikwa. Otmari akasimama. Mgongo ule aliujua. Mtu yule aligeuka, akafuta viganja kwenye suruali, mbele na nyuma, kama alivyofanya mzee Kolumbani kabla ya kushika sindano. Masikio yalikuwa yale, na paji la uso lile, na uwazi kati ya meno. Uzee ulikuwa umemfikisha Gebhadi mahali ambapo hakukuwa na mtu ambaye angeweza kuuliza yeye ni mtoto wa nani.

"Shikamoo, kaka," Gebhadi akasema.

Ilikuwa ile sauti. Otmari alikuwa ameitafuta katika vyuma kwa miaka, akaisugulia mchanga, akaibadilishia milango na madirisha, nayo muda wote ilikuwa hapa, ng'ambo ya bonde, ikizungumza na watu wengine. Alipoweza kusema marahaba, mwenzake alikuwa ameshakitazama kiti kilichokuwa begani mwake na kuelewa.

"Nasikia umeisimamisha pikipiki," Gebhadi alisema. "Sasa niambie. Umekuja kufuata kabureta, au umenifuata mimi?"

Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimtoka. Angeweza kusema uongo, na huenda ungekubaliwa, kwa kuwa walikuwa wazee na jua lilikuwa kali. Akasema, "Nilipotoka nyumbani nilifuata kabureta."

Gebhadi akatikisa kichwa polepole. Aliingia ndani, akatoka na kitambaa, akakifungua juu ya kile kiti. Kabureta ilikuwa safi, imepakwa mafuta, kana kwamba imefunguliwa jana. "Chukua," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Kumbe kitu hicho hakikuwa kimefichwa. Hakikuwekewa sharti. Otmari alikitazama, na mkono wake ukatoka, kwani alikuwa amekitaka sana. Kisha akaurudisha mkono.

"Gebhadi," alisema, "lile neno nililolisema siku ile lilikuwa uongo. Nililisema nikijua kwamba ni uongo. Nilimtukana mama yetu akiwa kaburini ili nikupokonye taa."

Gebhadi aliendelea kugeuza kahawa. "Ulilisema mbele ya watu," akajibu, bila kugeuka. "Hapa tupo wawili."

Otmari akaondoka. Kiti alikiacha, na kabureta aliiacha juu ya kiti. Alishuka bonde na kulipanda mikono mitupu, na Kandida alipomwona akamwekea maji ya kuoga.

Jumapili, baada ya ibada, ulipofika wakati wa matangazo, Otmari alimwomba katekista nafasi. Watu walidhani anataka kuzungumzia mabenchi, maana yeye ndiye aliyeyatengeneza. Akasimama mbele. Baadhi ya waliokuwapo siku ya matanga walikuwa wamekaa pale, wakongwe sasa. Vijana wengi hawakujua lolote, na kwa kusema kwake ndio walikuwa wanalisikia jambo lile kwa mara ya kwanza. Hilo ndilo lililomwelemea zaidi, kwamba aibu iliyokuwa imeanza kusahauliwa ilimbidi aifufue yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Aliisema yote. Alilitaja jina la mama yake na la mdogo wake, akasema kwamba yeye Otmari ndiye mwongo. Sauti yake haikuwa kubwa. Eustakia alilia na kufunika uso kwa kanga. Otmari alirudi kukaa, katekista akatangaza zamu za usafi, watu wakatoka.

Gebhadi hakuwapo. Ng'ambo ya bonde wana kigango chao. Otmari hakutuma mtu kumpelekea habari, wala hakujua kama imemfikia. Siku zikaenda. Wapo waliomcheka, na yupo mteja mmoja aliyechukua mbao zake kwenda kwa seremala mwingine. Aliifunika pikipiki kwa turubai, akarudi kwenye milango yake, na wakati mwingine alijikuta amegeukia ule upande wa njia ya bondeni anapopiga randa.

Kahawa ilikuwa imekaribia kwisha mashambani Gebhadi alipokuja. Alikuja mchana kweupe, kwa njia ya katikati ya nyumba, ili kila mtu amwone. Hakubisha hodi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja bandani, akalivuta turubai, akaizunguka ile pikipiki mara moja, akaligusa tangi, akakitoa kitambaa mfukoni.

"Lete spana," alimwambia kaka yake.

Wakafunga wote wawili, mmoja akishika, mwingine akikaza, wakiwa karibu hivi kwamba kila mmoja alisikia mwenzake anavyohema. Hawakuzungumza habari za zamani. Walibishana kidogo juu ya mpira wa petroli. Otmari, kwa sababu ya magoti yake, akasogea pembeni, na Gebhadi akapiga kiki. Mara ya kwanza ilikohoa. Akarekebisha kitu, akapiga tena, na mlio ule ukatoka bandani, mzito na wa polepole, ukateremka bonde zima mpaka mtoni na kupanda upande wa pili. Watu mashambani wakanyooka migongo. Bibi mmoja kikongwe, aliyekuwa anaota jua kibarazani, akamshika mkono kitukuu wake na kuanza kumkunjia mkono wa shati kwa ajili ya sindano.

Kandida alipokwenda kuwaitia chakula aliikuta injini imezimwa. Gebhadi alikuwa anasimulia jambo alilolifanya baba yao siku moja kwenye tope, na Otmari amekaa juu ya mbao, macho ameyafumba, anasikiliza si habari bali sauti.

Basi nawe uliyezunguka milima na mabonde ukikusanya kila alichokiacha Baba, ni mlango wa nani ambao hadi leo hujaupigia hodi?