Bi Fuko na Wafanyakazi Wasioonekana

"Nilime?"
"Lima!"
"Nipande?"
"Panda!"
"Basi sogeeni, mbegu yenyewe ndiyo hii."

Hapo kale Bi Fuko alikuwa na watoto saba na kishamba kimoja bondeni. Kishamba kilikuwa cha Kiboko, kama bonde zima lilivyokuwa la Kiboko. Na udongo ulikuwa umechoka. Kila mwaka mahindi, kila mwaka mahindi, mpaka mabua yakawa membamba kama mkia wa panya.

Kiboko akaja, puu! puu! puu!

"Bi Fuko, msimu huu ghala langu lijae. Lisipojaa, wewe na wanao mhame!"

Bi Fuko akaenda kuchimba mahali marehemu bibi yake alipokuwa akipanda maharage. Chuku-chuku-chuku! Akakuta maharage yaliyojiotea, mizizi yake ina vinundu kama punje za mtama. Akapasua kimoja, ndani chekundu! Akafurahi, maana wekundu ni dalili ya uhai. Humo hukaa vijidudu wasioonekana, wanaonasa chakula hewani na kuulisha mmea.

Akachukua udongo ule na vinundu vyake, akavisaga, akakoroga na uji mwepesi. Kivulini akazigaragaza mbegu za maharage humo, akazipanda siku hiyohiyo.

Maharage yakaota. Yakatambaa. Yakafunga maganda manene, tii!

Kiboko akaja, puu! puu! puu!

"Nani amekulimia?"

"Wafanyakazi wangu, bwana mkubwa. Wako mizizini. Hawalali, wala hawaombi uji."

"Nataka mizizi yote!"

"Na maharage?"

"Baki nayo! Maharage huliwa yakaisha."

"Na shamba?"

"Shamba bila wafanyakazi la nini? Baki nalo!"

"Utasema hivyo mbele ya mashahidi, Korongo na Kobe?"

Wakaitwa. Kiboko akasema tena, kwa sauti kubwa.

Maharage yakakomaa. Bi Fuko akachuma ganda moja moja, hadi la mwisho. Kisha Kiboko akang'oa mizizi, ng'wa! ng'wa! Mizizi ikakatika, vinundu vikabaki udongoni. Yeye hakuangalia chini. Akairundika mizizi juu ya mwamba, juani.

"Fanyeni kazi!"

Kimya.

"Nimesema fanyeni kazi!"

Kimya. Siku ya tatu mizizi ikawa kuni. Kiboko akarudi mtoni, akazama, akaacha pua tu.

Msimu uliofuata Bi Fuko akapanda mahindi palepale. Mabua yakanenepa kama mkono wa mtu. Watoto saba wakashiba, na kila jirani akapewa konzi ya udongo ule wenye vinundu akaanzie kwake.

Ngano yangu imefika ukingoni. Tamu mmeze, chungu mnirudishie.

Na funzo? Funzo ni kwamba mkubwa hakosei, na asiyeonekana hana faida duniani. Kiboko mwenyewe ameniapia hivyo. Nami nikamwitikia kwa kichwa tu, maana mdomo ulikuwa umejaa maharage.