Bakuli la Marehemu Jumbe

Katika mji wa Mtangani walikuwako watu watatu wenye vipawa. Mize alijaliwa sauti. Khatibu alijaliwa tungo. Naye Maalim Sanura, mwalimu wa chuo cha Kurani, alijua kila herufi hutokea pembe ipi ya kinywa. Jambo moja liliwaunganisha: mwana wa Mize, baba yake Khatibu na mume wa Sanura walifungwa pamoja, wakituhumiwa kumtilia sumu jumbe, mtawala wa mji, hata akafa. Matanga yakiondolewa, wote watanyongwa.

Mji ule ulikuwa na ada yake. Bakuli la kaure alilonywea jumbe liliwekwa kidakani, ukutani mwa ukumbi. Siku ya kuondoa matanga, sauti ya mwombolezaji ikilivumisha bila kuguswa, husemwa marehemu ameitika, na mfungwa mmoja huachiwa.

Asubuhi ya siku hiyo Mize aliimba beti za Khatibu, zilizoishia "kaburini" na "nyumbani". Bakuli kimya.

"Bi Mize," askari wa mlangoni akacheka, "hilo limelala kuliko mwenyewe!"

Mize akatoka nje, moyoni akiiona kamba shingoni mwa mwanawe. Sanura akamshika kidevu.

"Fumbua kinywa, mwanangu. Hofu imeuvuta ulimi nyuma, umekuziba koo. Ncha iguse meno ya chini, shina lilegee. Haya, sema i."

"Iii."

"Waona? Ulimi umepanda hadi karibu na kaakaa, sauti yapenya kwenye ufa mwembamba. Sema o."

"Ooo." Mize akahisi mgongo wa ulimi ukiinuka kidogo kule nyuma, midomo ikiviringa, na kinywani pakafunguka nafasi kama chumba kilichohamwa. Kifua kikamvuma.

"Kumbe vina vyangu vya i ndivyo vinavyowaua wafungwa wetu," akanong'ona Khatibu. Akaufumua utenzi wote aliokesha akiutunga, ubeti kwa ubeti, akausuka upya:

Twakuita kwa kilio,
hatunalo kimbilio.

Alasiri Mize akarudi ukumbini. Akaulaza ulimi alivyofunzwa, akaishikilia ile o ya mwisho hadi macho yakaingia giza. Bakuli likavuma, kwanza kama mbu, kisha ukumbi mzima ukalisikia.

"Marehemu ameitika," akasema waziri. "Mmoja tu. Mtajeni kabla ubani huu chetezoni haujazimika."

"Bila vina vyangu, Bi Mize, ungeimba i hata kesho," akasema Khatibu, macho chini.

"Na bila mkono wangu, koo lingekuwa bado limeziba," akasema Sanura.

"Na pumzi je, Maalim? Ilikuwa ya nani?" akauliza Mize.

Kutoka dirisha la gereza lililopakana na ukumbi, wafungwa waliulizana, "Nani? Katajwa nani?" Kisha sauti changa ikaita, "Mama!"

Mize akafumbua kinywa. Ulimi ukarudi nyuma, ukaziba koo kama asubuhi.

Ubani ungali unafuka, ewe uliyesikiliza, na waziri anangoja. Ungekuwa wako ulimi ule, ungelitaja jina la nani?