Bi Mize Alipokunywa Uji wa Mtoto

Nani kati yenu amewahi kumtilia mtoto kitu kwenye uji, kisha akanyamaza?

Hakuna? Haya. Leo nimekaa na watu wema watupu. Basi walau nijibuni hili: Paukwa!

Pakawa!

Na huyo wa nyuma anayetazama miguu yake, naye aseme. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, palikuwa na kijiji chenye siku ya migongo. Mavuno yakishaingia ghalani, wanawake walijipanga uwanjani, na watoto wadogo wakapitishwa mgongo kwa mgongo. Mbebe, mpokeze. Mbebe, mpokeze. Mtoto akiwa mzito, mbebaji huguna, "Uuuh, mzito!" na mama yake hutembea mwaka mzima kama aliyevaa kanga mpya. Mtoto akiwa mwepesi, hakuna anayesema neno. Wanampitisha tu. Kimya. Na kimya kile, wenzangu, kilisikika mpaka kijiji cha pili.

Mwaka mmoja Pandu, mtoto wa Mboja, alipita migongo kumi na miwili bila mtu kuguna. Alikuwa na miaka miwili, miguu kama vijiti, na mikono isiyotulia. Kila aliyembeba alivutwa sikio. Mgongo wa mwisho ulikuwa wa Bi Mize, mkunga, aliyewapokea nusu ya watu wa uwanja ule siku walipozaliwa. Pandu akamng'ata bega.

"Meno anayo," alisema Bi Mize. "Na nguvu anazo."

Lakini hilo halikuhesabiwa kuwa kuguna.

Mama mkwe wa Mboja, Bi Kazija, aliondoka uwanjani kichwa juu. Njiani akauambia upepo, huku Mboja akiwa hatua mbili nyuma yake: "Ukoo wetu haujawahi kuwa na watoto wa namna hii."

Mavuno mengine yalipokaribia, Mboja alibeba kuku wake mtetea kwenda gulioni, akarudi na kibuyu kidogo. Muuza mizizi alikuwa amemwambia, "Hii ni dawa ya hamu. Tone moja kwenye uji, mtoto atakula mpaka alambe kata." Mboja akakificha nyuma ya mtungi wa maji. Asubuhi, tone. Asubuhi, tone.

Pandu akala. Lo, akala! Uji, ndizi, muhogo, ukoko wa chini ya chungu. Mashavu yakajaa. Mapaja yakafanya mikunjo. Bi Kazija akawa anambeba kwenda naye kisimani, na kisima hakikuwa njia yake. "Damu yetu imejitokeza," alisema. Hakuna aliyemwuliza damu hiyo mwaka jana ilikuwa wapi.

Siku ya migongo ikafika. Mbebe, mpokeze. "Uuuh, mzito!" Mbebe, mpokeze. "Uuuh, kiuno changu mie!" Mboja alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Pandu akafika mgongoni kwa Bi Mize. Bi Mize akasimama. Hakuguna.

"Mbona hanishiki?" akauliza.

Wanawake wakaangua kicheko. "Bi Mize, sema umezeeka! Mtoto kakulemea!"

"Mtoto hushika. Hata mwembamba hushika. Huyu amekaa kama gunia." Akamgeuza, akamtazama. Macho ya Pandu yalikuwa yanajifumba yenyewe. "Nani hapa amevutwa sikio na Pandu mwezi huu?"

Wakatazamana. Hakuna.

Kesho yake Bi Mize alimkuta Mboja kisimani, peke yake. Akakaa kwenye jiwe, akasema kana kwamba anazungumzia kuni, "Mimi wangu wa kwanza nilimpa."

Mboja akauachia mtungi.

"Nilitaka wagune," Bi Mize aliendelea. "Na waliguna. Mwanangu akalala miezi mitatu. Umri wa kuanza kusema ukampita hivi hivi, kalala. Nilipoacha ndipo aliponiita mama."

Mboja akakaa chini, akasema yote. Bi Mize hakumgombeza.

"Anakula na nani huyo mtoto?"

"Na binamu zake watano, bibi. Sinia moja."

"Wakubwa?"

"Wakubwa."

"Naye tonge lake la kwanza likifika mdomoni?"

"Sinia limeshakuwa jeupe."

"Na hukuliona hilo?"

"Nilikuwa nikitazama migongo, bibi."

"Basi mpe bakuli lake. Kaa naye mpaka amalize, hata akichukua siku nzima. Hicho kibuyu mwaga."

Mboja alimwaga. Siku ya kwanza, Pandu alilala. Siku ya tatu, alilala. Siku ya saba, jua la utosi, alikunywa uji wake, akaenda chini, chali. Mboja akakimbia kwa Bi Mize bila hata ushungi.

"Nimeacha, wallahi nimeacha! Na mtoto bado haamki. Nimemharibu mwanangu!"

"Uji wa mchana anapika nani?"

"Mama mkwe."

"Aa," alisema Bi Mize.

Siku iliyofuata alifika kwa Bi Kazija na mkeka wake kwapani. Kijiji kizima kilijua Bi Mize hula matonge mawili, na la pili ni kwa kukuheshimu tu. Bi Kazija akaweka bakuli mbele ya Pandu. Bi Mize akanyoosha mkono, akalichukua.

"Unanukia vizuri. Huyu mpikie mwingine."

"Bi Mize, huo ni wa mtoto!"

"Na mimi nimerudi utotoni, huoni meno yangu?"

Gulu, gulu, gulu. Akamaliza, akalamba kijiko.

Jua likasogea kidogo. Bi Mize akaomba muhogo. Akala muhogo. Akaomba samaki wa jana. Akala samaki wa jana. Akauliza kama chungu kina ukoko, akaukwangua mwenyewe, kwa-kwa-kwa, mpaka chungu kikawa kama hakijawahi kupikiwa. Mboja alitoa macho. Bi Kazija alikuwa anafagia ua, sehemu moja tu, ile ile.

Kisha Bi Mize akajilaza mkekani. Khoroo… fyuu. Khoroo… fyuu.

Pandu, ambaye siku hiyo uji ule ulimpita, alikuwa macho. Akamwendea bibi kizee, akamvuta sikio. Bi Mize hakuamka. Akavuta la pili. Hakuamka. Mboja akamtikisa bega, akamwita kwa jina. Khoroo… kisha kimya kirefu… fyuu. Majirani wakaanza kuingia uani. Ufagio ukamtoka Bi Kazija mkononi.

Najua mnangoja funzo. Nitawapa sasa hivi, ili mwisho niuache peke yake. Mtoto akiwa mwembamba, tazama kwanza kama chakula kinamfikia, na nani anakaa naye akila. Usimnyweshe kitu ili jirani agune. Na ukimpa, sema, maana huenda wewe si wa kwanza kumpa siku hiyo.

Msiwe na hofu pia. Bi Mize aliamka asubuhi yake, akaomba maji, na akaishi mpaka akacheza ngoma ya harusi ya Pandu, ambaye hakunenepa tena mpaka siku hiyo. Lakini Bi Kazija hayo hakuyajua. Alipiga magoti mkekani, mbele ya mkwewe, mbele ya majirani, na hadithi yangu naiachia hapo, kinywani mwake:

"Amka, Bi Mize. Amka, shoga yangu. Nimetia mimi. Matone matatu, kila mchana. Walimpitisha mjukuu wangu kimya, mgongo hata mgongo, na mimi sikuweza kukisikia tena kimya kile. Mboja, mwanangu, nimetia mimi."