Kufuli Mlangoni kwa Mwanakombo

Kufuli hufunga ghala, ahadi hufunga ndoa. Methali hii ilianza hivi, na wajukuu walipomwuliza Bi Tima asili yake, alijikohoza kama kadhi. "Nyamazeni! Yaja hekima ya wahenga wa kale!" Kisha akaongeza, "Kale kiasi. Ni mwaka ule niliofeli hesabu."

Dada yake, Mwanakombo, aliolewa kwanza na mwenye duka aliyemfungia nyumbani kwa kufuli kila alipotoka. Alipoachika aliapa kutoolewa tena, mpaka akaja Shekue, seremala.

Siku ya harusi nikahi ilisomwa, na bibi harusi akakaa chumbani peke yake. Wanawake wakaziba mlango, kama ilivyo desturi, bwana atoe kwanza hela ya kifungua mlango. Akatoa. Mlango haukufunguka: nje palining'inia kufuli la sanduku la mwanafunzi wa bweni, na ufunguo haukuonekana.

Mwanakombo alikuwa amesikia "ka!" ya kufuli. Sauti ile aliijua. Akavua asumini kichwani.

"Shekue, niandikie talaka yangu."

"Leteni shoka!" akapaza Shangazi Mkasi.

"Ngoja, Shangazi." Shekue akaketi chini, mgongo mlangoni. "Mwanakombo, nyumba niliyokujengea ina milango minne. Yote ina komeo ndani. Nje sikuweka hata pete ya kufuli, na mbele ya shangazi zako naahidi sitaweka."

"Na ukikasirika?"

"Nitatoka mimi."

 Sauti ya Mwanakombo ikatoka ndani, "Basi ng'oa hiyo iliyopo."

Akaing'oa kwa tindo, vigelegele vikapasua paa. Shangazi Mkasi akaliinua lile kufuli. "Lipelekeni kwenye mpunga! Kufuli hufunga ghala, ahadi hufunga ndoa!"

"Hata Waingereza," Bi Tima akaendelea kwa adabu kubwa, "wana neno la kizamani la ndoa, wedlock. Darasani sote tuliona kufuli mwishoni mwake. Mwalimu akatueleza kuwa hakuna kufuli mle. Asili yake ni kutoa ahadi. Laiti angetuambia kabla ya harusi!"

"Ingekuwaje, Bibi?" mjukuu mmoja akauliza. "Na kwenu nani alikuwa na sanduku la bweni?"

Bi Tima akatazama dari.

"Mimi. Ufunguo ulikuwa ndani ya soksi yangu. Nilitaka kuwachekesha, nikaogopa kuutoa. Lakini kila Idi dada huniletea vileja, akimwombea dua aliyefunga, awaye yote, maana bila yeye asingethubutu kuuliza lile swali. Nami nashukuru, natafuna."

Akasogeza sinia mbele yao. "Kufuli hufunga ghala, ahadi hufunga ndoa. Na midomo yenu, wajukuu zangu, ifungwe na vileja hivi."