Jina la Binti wa Mwajabu

Asiyeamini abishe. Mie shule niliiacha darasa la sita, lakini kwa hadithi hii hakuna mwalimu wa kunisahihisha.

Kichangani wako wanawake watatu. Bi Mwanaidi ni kungwi. Akiita, hakuna mume mwenye ubavu wa kumzuia mwari wake. Siwema anauza achari, na ulimi wake mkali kuliko achari zenyewe. Nesi Tunu ana jicho linaloona doa kabla halijawa ugonjwa.

Basi Mwajabu, miaka thelathini na miwili, hajajaliwa mtoto, alitaka kwenda zahanati kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Mumewe, fundi pikipiki hodari na mtanashati kuliko wote mjini, akamaka: "Huumwi popote, ukachunguliwe nini? Mke wangu si injini!"

"Mbona injini huifungua kabla haijafa?" Mwajabu akamjibu.

Bi Mwanaidi akasikia. Akaja hadi mlangoni. "Namtaka mwari wangu."

"Wa nini, bibi?"

"Ya unyagoni unayauliza wewe?"

Mume akanywea. Mwajabu akatoka peku. Msiniulize kwa nini.

Kufika zahanati, siki ya kupaka ili doa lijitokeze imekwisha. "Labda mwezi ujao," Nesi Tunu akasema. Mwajabu alijua akirudi nyumbani hatoki tena. Akakimbilia kwa Siwema, wifi yake, aliyekuwa na chupa moja ya siki nyeupe, haijafunguliwa, ya achari za harusi.

"Chukua. Maharusi watakula ndimu."

"Na kaka yako je?"

"Kaka yangu ana mlango wa kizazi?"

Nesi Tunu akasoma nguvu ya siki kwenye lebo, akaizimua kwa kipimo. Akapaka, akangoja dakika moja, akamulika. Doa jeupe, kama tone la chokaa. "Hili bado si saratani," akasema, "lakini ukiliacha, miaka ijayo linaweza kuwa." Akaliunguza siku hiyohiyo.

Mwaka uliofuata Mwajabu akapimwa tena: safi. Mwaka wa pili akajifungua binti.

Sasa, Kichangani mtoto wa kwanza hupewa jina la aliyemfungulia njia.

"Bila mimi Mwajabu asingetoka ndani!" kungwi akasema.

"Bila mimi mngempaka nini, mate?" Siwema akadakia.

"Na doa nani angeliona?" Nesi Tunu akauliza.

Haya, nyie mahakimu wa vibarazani, mngempa nani jina?

Mnakuna vichwa? Ngojeni, kuna kipande nimekiruka. Viatu vya Mwajabu vilikuwa ndani ya gunia la mkaa. Nilivificha mimi. Yule fundi mtanashati ndiye mimi. Kesho siku ya saba, jina natakiwa kulitangaza mimi, na mama mtoto amenitazama akaniambia, "Usiisahau na miguu iliyokwenda peku."