Ncha ya Faili la Upepo

Watu husema hakuna marefu yasiyo na ncha wanapomfariji mwenye dhiki, kwamba kila jambo lina mwisho wake. Achola wa Kamanga, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, aliigundulia methali hiyo maana nyingine, jioni ambayo baba yake alikuwa karibu kuingia ziwani.

Achola na mwenzake Luhende waliendesha kituo kidogo cha kupima upepo. Kila sekunde kipimo kiliandika mstari mmoja katika faili moja la maandishi, na kwa miaka faili hilo lilikuwa limenenepa kupita kiasi. Programu ililisoma na kuwatumia wavuvi onyo kwa simu pale tu upepo ulipotisha. Wasipopata ujumbe, walijua ziwa ni shwari.

Siku hiyo umeme ulikatika ghafla. Uliporudi, programu ikagoma na kipimo nacho kikaacha kuandika, kwa kuwa mstari wa mwisho ulikuwa umeharibika. Luhende akalifungua faili zima ili aurekebishe, kompyuta ikaganda kama ugali wa jana. Walipoiwasha upya akashauri walifute tu, ingawa bila vipimo vya nyuma programu isingeweza kutabiri lolote.

Simu ikalia. Alikuwa Mzee Otuoma, baba yake Achola, mvuvi wa dagaa.

"Shikamoo, baba. Naomba msitoke kwanza."

"Marahaba, mama. Ujumbe haujaja, na wenzangu wameshapakia taa. Una neno gani niwaambie?"

Achola alimwomba asubiri dakika chache, akakata simu. Aliogopa sana, lakini swali moja lilikuwa likimtekenya.

"Ugonjwa uko mkiani," alimwambia Luhende. "Mbona sisi tunaingilia kichwani?"

Akafungua dirisha la amri, ambamo kompyuta huagizwa kwa maandishi. Ipo amri ambayo jina lake la Kiingereza maana yake ni mkia, nayo huonyesha mistari ya mwisho bila kusoma mingine. Kufumba na kufumbua mistari michache ikatokea, wa mwisho nusu tarakimu, nusu takataka. Akaunakili pembeni kwa tahadhari, akaiamuru kompyuta ipime ukubwa wake, kisha akakata kiasi hicho hicho kutoka mwishoni mwa faili. Kwingine hakukuguswa hata herufi. Luhende alicheka kwa mshangao, akaomba aonyeshwe tena.

Programu ikaamka, kipimo kikaendelea kuandika, na onyo la dhoruba likatoka papo hapo. Giza lilipoingia, mawimbi yaliikuta mitumbwi ya Kamanga nchi kavu, na wavuvi, Mzee Otuoma akiwemo, wamesimama kando yake.

Hakika, hakuna marefu yasiyo na ncha, na wakati mwingine ncha ndiyo pa kuanzia.